Nipe Mji

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Makoroboi,
juu ya fundi cherehani na duka la nyavu,
na kazi yangu ni kukata sentensi
pale inapotaka kufungua mdomo.

Habari huja zimeshaandikwa.
Mimi naandika yale maneno ya bluu
ambayo kidole chako huyagusa
kabla akili haijavaa viatu.

Kalokola, bosi wangu, alinifunda siku ya kwanza:
usiseme sangara wa kilo tisini kavuliwa Kayenze.
Sema: *Walipompasua tumbo, wavuvi wote walikimbia.*
Nikauliza, tumboni mlikuwa na nini?
"Matumbo."
Sasa walikimbia nini?
"Mvua ilikuwa inaanza."

Nilielewa upesi. Mchezo wenyewe naujua tangu Mabatini,
umeme ukikatika, watoto wa nyumba ya kupanga
tumebanana kwenye ngazi, miguu juu ya miguu:
Kitendawili!
Tega!
Na ukishindwa, nipe mji.
Nakupa Bukoba.
Nimekwenda Bukoba, nimekula senene,
nimelala, nimeamka, nimerudi,
na jibu ni hili.
Jibu lilikuja. Siku zote lilikuja.
Hata Dotto, mwizi wa karanga, alilitoa.

Sasa miji naletewa bila kuomba.
Kioo kinaihesabu: Geita mia mbili na kumi,
Sengerema, Bariadi, mmoja yuko Maskati.
Kahama yote niliichukua asubuhi moja
kwa kitunguu.
Wananipa na bando, la mia tano, la kukopa,
na jibu nimelikalia
kama kuku aliyekalia jiwe.

Halafu ikaja ile Jumanne, mtumbwi ukapinduka Igombe.
Nikaandika:
*Saba walikuwamo. Mmoja hakurudi. Utashangaa ni nani.*
Ndani, aya tisa. Jina hakuna.
Hatukuwa nalo. Nilijua hatunalo.

Saa nane simu ya ofisi ikalia, mama wa Nansio.
"Nimebonyeza mara nne, baba.
Bando limekwisha, nimekopa vocha kwa jirani.
Jina mmeliweka wapi?"
Hakunitukana. Nyuma yake mtoto
alikuwa anamsomea tena, silabi kwa silabi:
u-ta-sha-nga-a.

Nikashuka ngazi, nikachukua bodaboda hadi Igombe.
Majina niliyaandika kwenye boksi la sabuni
kwa kalamu ya karani wa samaki,
wino unakwama penye mafuta:
Sayi Ng'habi. Kwilasa Limbu. Tausi Maregesi.
Wanne waliobaki, mmoja baada ya mwingine,
na wa mwisho Bulemo Mazigo, fundi wa injini,
huyo ndiye.
Nikayapandisha yote saba juu, kwenye bluu,
na nani yu hai, na nani hayupo,
nikaweka nukta.

Kalokola akatazama kioo. "Umetoa jibu kabla ya mji.
Nani atafungua?"
Kweli. Walifungua arobaini na mmoja.
Arobaini walipita kama wanaovuka barabara.
Mmoja, Nansio, alikaa dakika kumi na moja
kwenye ukurasa wenye mistari minane.

Kesho yake nilirudishwa kwenye vitunguu.
*Alichokifanya muuza vitunguu wa Buhongwa kabla ya alfajiri…*
(Alivipanga.)
Kahama ikaja, Geita ikaja, bosi akaagiza soda.

Ila yule mama hakupiga tena,
na katika majina saba sijui
ni lipi lililomkopesha vocha.
Nimejaribu kuotea. Mwana? Shemeji? Mdeni wake?
Usiku korongo wamejaa juu ya taa za barabarani,
nami nimesimama dirishani na simu mkononi,
namba yake ipo, sipigi.

Nimeshindwa, mama.
Chukua Mwanza.